Historia Isiyoingia kwenye Kinasa Sauti

Kongamano la historia ya viziwi, lifanyikie wapi, lazima lipite Milano. Nililohudhuria mimi lilikuwa katika chuo kikuu kimoja hapa Dodoma, na mtoa mada wa kwanza hakupoteza muda. Alitupeleka moja kwa moja kwenye kongamano la kimataifa la elimu ya viziwi lililofanyika katika mji huo wa Italia, Septemba 1880, ambako wajumbe 164, wengi wao Wataliano na Wafaransa, waliamua kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kutamka na kusoma midomo, na lugha ya alama iondoke darasani. Azimio lilipita kwa kura 160 dhidi ya 4. Kiziwi anayetajwa kuwamo miongoni mwa wajumbe hao ni mmoja tu, James Denison, mwalimu kutoka Marekani.

Najua Milano haikwepeki. Baada yake walimu viziwi waliondolewa kazini katika shule nyingi za Ulaya, watoto wakakalishwa juu ya viganja vyao ili wasiashirie, na wamisheni wengi waliokuja kufungua shule Afrika walikuwa wamefunzwa katika mkondo huo. Ilibidi ufike mwaka 2010, kongamano lile lile la kimataifa la elimu ya viziwi likikutana Vancouver, Kanada, ndipo likayakana maazimio ya 1880 na kukiri madhara yake. Miaka 130 ilikuwa imepita.

Ila nina ugomvi na namna tunavyoitumia Milano. Ule ulikuwa uamuzi wa watu wanaosikia juu ya watu wasiosikia. Ukianzia hapo, yote yanayofuata hufuata sura hiyo: nani aliwafanyia viziwi nini, lini, kwa fedha za nani. Ratiba yetu ya asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Tulitoka Milano tukarudi nyuma hadi Paris, kwa Padri Charles-Michel de l'Épée na shule yake ya karne ya 18. Tukavuka bahari hadi Hartford, Marekani, mwaka 1817, kwa Thomas Hopkins Gallaudet na Laurent Clerc na shule yao ya viziwi. Tukamwona Abraham Lincoln mwaka 1864 akitia saini sheria iliyokiruhusu chuo cha viziwi cha Washington kutoa shahada. Kisha shule za viziwi za Afrika: Accra 1957, Tabora 1963, Buguruni 1974, Mwanga 1981, na mwisho Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Chai ya saa nne ilitukuta tumekwisha maliza karne mbili na nusu.

Tarehe zenyewe sina shida nazo. Shida ni kwamba karibu zote ni siku ambazo mtu anayesikia alifungua jengo au alitia saini karatasi, na jengo na karatasi ndivyo vitu vinavyodumu kwenye makabati. Nani alilala ndani ya jengo hilo, aliongea nini na mwenzake, alicheka nini, alioa nani, alifanya kazi gani baada ya kumaliza darasa la saba, hayo hayana faili. Tumeandika historia ya elimu maalumu tukaipa jina la historia ya viziwi.

Andrew Foster ndiye aliyeleta nafuu kidogo. Kiziwi mweusi, mzaliwa wa Alabama mwaka 1925, anayetajwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet, kile chuo cha viziwi cha Washington, mwaka 1954, akafungua shule Accra mwaka 1957 na nyingine nyingi katika nchi za Afrika, hadi ndege aliyopanda ilipoanguka Rwanda Desemba 1987. Ukumbi ulimpenda, na ana haki ya kupendwa. Hata hivyo nilihisi tunaharakisha kumpa nafasi ambayo hakuwahi kuishika kwetu. Kazi yake kubwa ilikuwa Afrika Magharibi na ya Kati. Njia ya Tanzania ilipitia Kanisa Katoliki pale Tabora, Buguruni pale Dar es Salaam, Walutheri pale Mwanga, na zaidi ya wote hao ilipitia watoto wenyewe. Kumweka Foster katikati ya historia yetu kwa sababu ana picha nzuri na wasifu uliokamilika ni kuazima babu wa jirani wakati wako yupo hai, amekaa mstari wa mbele, na hajaulizwa kitu.

Hao watoto ndio ninaotaka kuwazungumzia. Mwaka 1960, William Stokoe, mwanaisimu anayesikia aliyekuwa akifundisha Gallaudet, alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba alama za viziwi zina sarufi, wala si maigizo ya mikono. Miaka mitatu baadaye shule ya Tabora ikafunguliwa. Habari za Stokoe hazikuwa zimefika, na hazikuhitajika kufika ili lugha izaliwe. Ukiwakusanya watoto viziwi bwenini, waliotoka kila mmoja kijijini kwake, ambako pengine hakuwahi kukutana na kiziwi mwingine maishani, baada ya muda watapata namna ya kusemezana, na wadogo watakaokuja mwaka unaofuata wataikuta na kuikuza. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kila shule ilizaa alama zake, zikatofautiana kiasi kwamba mhitimu wa shule moja alihitaji muda kumwelewa mhitimu wa nyingine. Katika baadhi ya shule alama hizo zilikuwa marufuku darasani, zikakulia bwenini na uwanjani. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilipoanzishwa katika miaka ya 1980, moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kutafuta yaliyo ya pamoja kati ya alama hizo ili ipatikane Lugha ya Alama ya Tanzania. Kamusi zilikuja baadaye, mojawapo ikitokana na kazi ya mwanaisimu Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nicaragua ilipotokea kisa cha namna hiyo, kwenye shule za Managua mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea, wanaisimu walipanda ndege kwenda kushuhudia lugha ikizaliwa. Hapa kwetu ilizaliwa zaidi ya moja, na mashahidi wake ni wazee ambao leo wanasubiri dirishani mwa daladala wamwone kondakta akitaja kituo kwa midomo. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo mada kuu ya historia ya viziwi Tanzania. Ratiba iliipa dakika ishirini, baada ya chakula cha mchana.

Zikageuka kuwa dakika zenye thamani kuliko siku nzima. Aliyesimama alikuwa mzee aliyesoma katika mojawapo ya shule zetu za mwanzo. Hakuwa na slaidi. Alianza kwa kulipanga bweni hewani mbele yake: vitanda huku, mlango pale, dirisha kule, nyumba ya mwalimu wa zamu mbali kidogo upande wa kushoto. Alipokwisha lipanga, hakuhitaji kulitaja tena; aliangalia tu upande wa kushoto na kila mwenye kuijua lugha akajua ni mwalimu anayekuja. Akageuza bega, akawa mwalimu. Akaligeuza tena, akawa mtoto wa miaka tisa anayeficha mikono chini ya shuka. Taa zilipozimwa usiku, walijisogeza penye dirisha ili mbalamwezi iwaangazie wapate kuendelea na maongezi. Kisha akafanya kitu kwa uso na vidole viwili, na mistari miwili ya mbele, walikokaa viziwi, ikalipuka kwa kicheko. Mwingine alijipiga paja.

Sisi wa nyuma tulisubiri. Mkalimani, dada mwenye bidii aliyekuwa peke yake tangu asubuhi, alivuta pumzi akasema kwenye maikrofoni kwamba mzee anasema mwalimu alikuwa mkali sana. Basi. Watu tukaitikia kwa vichwa, tukaandika kwenye madaftari: mwalimu alikuwa mkali.

Simlaumu dada yule. Ukalimani wa lugha ya alama ni kazi ya wawili wanaopokezana kila baada ya nusu saa au chini yake, maana akili huchoka kabla mikono haijachoka. Yeye aliachwa afanye siku nzima, na hata wakati wa chai watu walimvuta pembeni awasaidie kuongea na fulani. Isitoshe mzee alikuwa akitumia alama za bweni lake, si zile za kwenye kamusi.

Jambo lililonifanya niandike makala haya ni kamera. Chuo kilikuwa kinarekodi kongamano zima, jambo la kupongezwa. Kijana wa kitengo cha habari alifanya alivyofundishwa: kamera imfuate mwenye maikrofoni. Kwa hiyo muda wote mzee alipokuwa akitoa ushuhuda wake, kamera ilimlenga mkalimani. Kwenye fremu mzee alionekana mara chache, kiwiko kikipita pembeni. Video ya kongamano la historia ya viziwi, itakayowekwa kwenye maktaba na pengine kutazamwa na wanafunzi wa miaka thelathini ijayo, itakuwa na sauti ya mwanamke anayesikia ikisema mwalimu alikuwa mkali. Bweni, dirisha, mbalamwezi, vidole viwili, hakuna.

Nilimuuliza kijana yule baadaye kama aliliona hilo. Alishangaa kwa dhati. Sauti ilikuwa inatoka kwa dada, kaka, aliniambia, mimi ningemlenga nani?

Jibu lake si la kijana mmoja. Ni jibu la taaluma nzima ya historia kama tulivyoijenga hapa nchini, na hapa ndipo pananikereketa, kwa sababu taaluma hiyo ina sifa ninazozionea fahari. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, alipodai kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa isipokuwa ile ya Wazungu waliokuja, jibu zuri kuliko yote lilitoka kwenye vyuo vya Afrika, Dar es Salaam kikiwa mstari wa mbele. Wanahistoria walisema karatasi za mkoloni si ghala pekee la kumbukumbu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu walitumwa kusini kuwahoji wazee waliokumbuka vita vya Maji Maji, na masimulizi yale yakabadilisha tunavyoielewa vita hiyo. Isaria Kimambo na wenzake walijenga historia ya jamii ambazo hazikuwa na maandishi kwa kuwasikiliza wazee wa koo. Tukashinda hoja.

Tukashinda kwa mdomo na sikio. Chombo cha ushindi kilikuwa kinasa sauti, daftari, na mzee anayeongea chini ya mti. Kila kitabu cha mbinu za utafiti ninachokijua kinamfundisha mwanafunzi namna ya kuuliza, kunyamaza, kurekodi, kunakili maneno. Mwanafunzi huyo huyo akienda kwa mzee kiziwi na kinasa sauti chake, atarudi na saa mbili za kuku wakiwika na pikipiki zikipita. Njia iliyotutoa kwenye kifungo cha karatasi za mkoloni ikawafungia nje wale ambao hawakuwa kwenye karatasi wala kwenye sauti. Nadhani hatukukusudia, ila miaka sitini ni mingi kwa jambo lisilokusudiwa.

Na tuna silaha ya kujikosoa, tena tumeinoa wenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa historia anafundishwa kwamba akisoma ushahidi uliotolewa mbele ya ofisa wa Kijerumani, aulize kwanza: nani alitafsiri? Akida gani alikaa katikati, alikuwa na maslahi gani, alifupisha wapi, aliogopa nini? Hatukubali kwamba maneno ya Kijerumani kwenye faili ndiyo maneno ya mzee wa Kingoni. Sasa kwa nini tukubali kwamba Kiswahili cha mkalimani ndicho ushuhuda wa mzee kiziwi? Tafsiri tuitumie, lakini chanzo ni mikono na uso wa mwenyewe, na chanzo kisipohifadhiwa hakuna atakayeweza kurudi kuikagua tafsiri.

Viziwi wenyewe walilijua hili zamani. Katika muongo wa 1910, wakati mkondo wa Milano ulikuwa na nguvu shuleni, chama cha viziwi cha Marekani kilichangisha dola 5,000 na kuanza kurekodi kwenye filamu watu waliokuwa mabingwa wa kuashiria, kwa hofu kwamba kizazi kijacho hakitaiona lugha hiyo kama ilivyokuwa. Mwaka 1913 George Veditz, aliyewahi kuwa rais wa chama hicho, alisimama mbele ya kamera na kuitetea lugha yake kwa lugha yenyewe. Filamu ile haina sauti. Zaidi ya miaka mia moja baadaye kiziwi wa leo anaitazama, anaona lahaja ya zamani, alama zilizobadilika, hasira iliyotulia usoni. Hakuna hati iliyoandikwa ambayo ingeweza kufanya kazi hiyo. Kamera ilikuwa bado kitu kigeni wakati ule, na fedha zilitoka mifukoni mwa viziwi. Sisi tuna kamera kwenye kila mfuko ukumbini, na tuliielekeza kwingine.

Kuna mtu aliyeniambia kwamba picha si chanzo cha historia kwa uzito ule ule. Alikuwa mhadhiri, tulikuwa kwenye foleni ya chakula, sikutaka kubishana naye huku ameshika sahani ya wali. Lakini tuko Dodoma. Panda gari kaskazini, vuka mji wa Kondoa, ufike Kolo. Kuna michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Waliochora hawakutuachia hata neno moja. Mary Leakey alikaa pale mwaka 1951 akiinakili mchoro kwa mchoro, na hakuna mwanahistoria anayesema ile si kumbukumbu kwa vile haina sauti. Tunaweza kumheshimu mtu aliyechora twiga zamani za kale tusizoweza kuzihesabu, tukashindwa kumrekodi mzee aliyepanda basi la Tabora akaja kukaa mbele yetu?

Ugumu upo, na nisingependa kuupunguza. Wa kwanza ni wa siri. Msimulizi anayesikia akitaka jina lake lifichwe, unabadilisha jina kwenye maandishi, sauti unaifungia. Kiziwi huwezi kumfunika uso, kwa sababu uso ni sehemu ya sarufi: nyusi zikipanda sentensi inakuwa swali, mashavu yakibonyea ukubwa wa kitu unabadilika. Ukiufunika umemkata ulimi. Kwa hiyo akieleza adhabu aliyopewa, au mwalimu aliyemfanyia lisilosemeka, anaeleza akiwa wazi kabisa, katika jamii ndogo ambamo karibu kila mtu anamjua mwenzake. Fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza cha ofisi, ikasainiwa kwa haraka kabla ya mahojiano, haitoshi. Ridhaa yenyewe inapaswa itolewe kwa lugha ya alama, irekodiwe, na mtu awe na haki ya kurudi baada ya mwaka akasema kipande hiki kikae ndani mpaka nife.

Ugumu wa pili ni wa alama zenyewe. Mkalimani aliyejifunza Dar es Salaam anaweza asimwelewe vizuri mzee wa bweni la zamani la bara. Dawa yake inajulikana na si ya gharama: kiziwi akae katikati. Kijana kiziwi aliyelelewa na lahaja zote mbili humtazama mzee, humwelekeza mkalimani kwa alama za sasa, mkalimani hutamka. Inachukua muda mrefu zaidi, lakini mzee anaongea na mtu anayemwelewa badala ya kuongea na mtu anayekodoa macho. Na kijana huyo hajaja kusaidia tu, ni mtafiti. Vyuo vya Dodoma vinafundisha elimu ya mahitaji maalumu, na vina wanafunzi viziwi. Wengi hufunzwa wawe walimu wa viziwi wenzao, jambo jema, lakini sijaona sababu ya kiziwi kuhesabiwa mwalimu wa elimu maalumu tangu siku anajaza fomu, kana kwamba idara ya historia ina ngazi asizoweza kupanda.

La tatu ni majina, na hapa nilijifunza kitu ambacho sijakikuta katika kitabu. Viziwi hupeana majina ya alama. Huyu anaitwa kwa kovu la shavuni, yule kwa namna alivyokuwa akivuta sikio akiwa mtoto, mwingine kwa kofia aliyokuja nayo siku ya kwanza bwenini. Ndiyo majina wanayokumbukana kwayo kwa miaka hamsini. Wakati wa mapumziko wazee wawili walikuwa wakiulizana habari za watu waliosoma nao, na kwa dakika nyingi halikutajwa jina hata moja ambalo lingepatikana kwenye rejista ya shule. Ukienda nyaraka na rejista, ukarudi kwao na orodha ya Yohana na Saidi, watakutazama tu. Ukiwa na video ya jina la alama, unapata mtu, mtaa, kazi na mwaka aliofariki. Faharasa ya ghala la historia ya viziwi lazima iwe ya kutazamwa. Programu za kompyuta za kuweka maelezo chini ya video ya lugha ya alama zipo, na baadhi ni za bure.

Suala la katiba na sheria lilichukua alasiri ya pili karibu yote, na mimi nitalipita haraka kwa sababu lina watetezi wa kutosha. Uganda iliitaja lugha ya alama kwenye katiba yake ya mwaka 1995, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia bungeni. Kenya, katika katiba ya mwaka 2010, imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Afrika Kusini iliifanya yake lugha rasmi ya 12 mwaka 2023. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unautambua utamaduni wa viziwi na lugha zao kwa kuzitaja. Bunge letu liko kilomita chache kutoka ukumbi tuliokaa, na washiriki wengi waliona huko ndiko kwa kugonga hodi. Wagonge. Ila sheria haitarudisha mzee aliyefariki bila kurekodiwa, na bajeti ya kurekodi haisubiri mabadiliko ya katiba.

Nirudi kwenye ukumbi, maana mambo madogo yalisema mengi. Viti vilipangwa safu kwa safu, kama kanisani, kwa hiyo kiziwi wa mstari wa tatu akiuliza swali, wa mstari wa kwanza alilazimika kugeuza shingo, na akichelewa kugeuka swali limempita. Nusu duara ingemaliza tatizo bila shilingi. Mtoa mada mmoja aliomba taa zizimwe ili slaidi zake zionekane vizuri. Zikazimwa, mkalimani akatoweka gizani, na robo ya ukumbi ikawa imetolewa kwenye mada inayowahusu. Mikono ilipopunga sana ndipo taa zikawashwa. Mtoa mada aliomba radhi, akaendelea na slaidi zilizofifia, na nadhani zilieleweka vizuri tu. Siku ya pili upepo wa Dodoma ulikuja na vumbi lake, madirisha yakafungwa, umeme ukayumba, na kwa muda tukawa ukumbi ambamo wanaosikia waliendelea kupiga soga na viziwi wakawasha tochi za simu ili nao waendelee. Bwenini miaka ile walikuwa na mbalamwezi.

Lipo swali ambalo liliulizwa na kiziwi mmoja, mwanamke wa makamo anayeshona nguo sokoni, na halikujibiwa. Aliuliza kama historia tunayoikusanya itaanza mwaka 1963. Alitaka kujua bibi yake, ambaye alikuwa kiziwi na hakuwahi kuiona shule, yumo au hayumo. Mwenyekiti alimshukuru kwa swali zuri, jambo ambalo wenyeviti hufanya wanapotaka kuendelea. Lakini swali linauma kwa sababu ni kweli kwamba katika vijiji vingi mtu wa namna hiyo aliitwa Bubu mpaka anazikwa, na hata wajukuu hawajui jina alilopewa na mama yake. Hakuwa na bweni wala chama, lakini alichunga, alilima uwele, alizaa, alikuwa na alama za nyumbani ambazo familia yake ilizielewa vizuri kuliko tunavyodhani. Mjukuu anayeshona sokoni anazikumbuka baadhi yake. Alituonyesha tatu pale pale: maji, mvua, na mgeni amekuja. Kamera ilikuwa kwa mkalimani.

Maazimio yalisomwa jioni ya mwisho. Kitaandikwa kitabu cha historia ya viziwi Tanzania, kitatafutiwa mfadhili, na kitazinduliwa Septemba 23 ya mwaka utakaotajwa, siku ya kimataifa ya lugha za alama. Tukapunga mikono hewani, ambayo ndiyo makofi ya viziwi, hata wasemaji rasmi wakapunga kwa aibu aibu. Kitabu ni jambo zuri. Lakini kitabu kina subira, kinaweza kuandikwa mwaka 2040 bila kupoteza chochote, mradi vyanzo vipo. Mtoto aliyeingia Tabora akiwa na miaka minane shule ilipofunguliwa alizaliwa karibu mwaka 1955. Fedha ya mwanzo inunue kamera mbili, moja kwa msimulizi na moja kwa anayemhoji, diski za kuhifadhia, nauli, na malipo ya wakalimani wawili badala ya mmoja; hivyo vyote havifiki gharama ya kuchapa na kuzindua kitabu chenye jalada gumu na hotuba ya mgeni rasmi. Na visihifadhiwe kwenye makundi ya WhatsApp, ambako video husinyaa, simu ikiibiwa na kumbukumbu imekwenda.

Kamati ya kitabu imeshateuliwa. Wajumbe wake wengi ni wahadhiri, na wawili ni viziwi. Mkutano wa kwanza ningewaachia hao wawili wauendeshe kwa lugha yao, na ajenda iwe moja: nani bado yuko hai, anaishi wapi, na nani kati yetu anazijua alama zake.